Sabuni Kwanza, Msasa Baadaye

Mtu akiamua kufufua kabati la zamani, kitu cha kwanza anachonunua ni msasa, tena ule mkali. Asubuhi anaanza kukwangua. Jioni kabati limebaki tupu, vumbi jekundu limetapakaa sebule nzima, pembe zilizochongwa kwa patasi zimekuwa butu, na kwenye milango kuna michirizi iliyokatiza nyuzi za mbao, ambayo vanishi mpya itaianika badala ya kuificha. Kazi ambayo pengine ingemalizwa kwa ndoo ya maji ya vuguvugu na matambara mawili imegeuka kazi ya wiki.

Fanicha nyingi za zamani zinazodhaniwa kuharibika ni chafu tu. Moshi wa kandili na wa jiko, mafuta ya mikono, vumbi la barabarani na polishi iliyopakwa juu ya polishi mwaka hadi mwaka hujenga utando mweusi juu ya vanishi. Chini ya utando huo vanishi mara nyingi bado ni nzima, na chini ya vanishi kuna mbao ambayo leo ungeitafuta kwa shida. Kwa hiyo msasa ni uamuzi wa mwisho. Kinachoondolewa na msasa hakirudi.

Tuzungumzie mbao yenyewe kwanza, maana ndiyo sababu ya tahadhari yote hii. Makabati, vitanda na meza zilizotengenezwa Tanzania na Kenya miaka 40 au 60 iliyopita kwa kawaida ni za mninga, mvule, mkongo, msaji, mkulo au mpodo. Hizo zilikuwa mbao za miti mikubwa iliyokomaa, na fundi aliweza kupata ubao mpana mmoja wa kufunika meza nzima bila kuunga vipande. Siku hizi mninga wa namna hiyo ni adimu. Mwaka 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliofanyika Panama uliingiza jamii ya mninga na ile ya mkongo za Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Mpingo ulikwishatangulia pamoja na jamaa zake wote mwaka 2016. Mtu anayemiliki kabati la mninga la babu yake ana kitu ambacho dukani hakipo, hata kama milango yake inalia na miguu yake imepauka.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya subira. Toa droo zote, fungua bawaba na vishikio, weka skrubu kwenye kikombe ili zisipotee. Chukua maji ya vuguvugu, tia matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, chovya kitambaa cha pamba kisha ukikamue mpaka kisidondoshe hata tone. Futa eneo dogo, kausha papo hapo kwa kitambaa kingine, songa mbele. Maji yakisimama juu ya mbao ni adui, lakini kitambaa chenye unyevu tu hakidhuru. Pale ambapo sabuni haiondoi kitu, hasa kwenye makabati ya jikoni na kwenye mikono ya viti, tatizo ni nta na mafuta. Hapo tumia tapentaini. Haiyeyushi vanishi iliyokauka, ila huondoa nta vizuri sana. Usitumie waya wa kusugulia masufuria pamoja na maji juu ya mvule au mninga. Vipande vidogo vya chuma hubaki kwenye vinyweleo vya mbao, vikashika kutu, vikaacha madoa meusi.

Madoa hayo meusi yanastahili maelezo, kwa sababu watu huyachanganya na madoa meupe. Doa jeupe la duara, lile linaloachwa na kikombe cha chai ya moto, liko ndani ya vanishi tu: ni unyevu ulionaswa. Mara nyingi linaondoka ukilifuta kwa wepesi na kitambaa kilichonusishwa spiriti, au hata likiachwa wiki chache mahali pakavu. Doa jeusi liko ndani ya mbao. Maji yamepenya hadi kwenye nyuzi, yakakutana na chuma cha msumari au cha chungu cha maua, na chuma kimeungana na tanini iliyomo kwenye mbao kutengeneza rangi iliyo karibu sana na wino wa kale. Msasa utalichimba doa hilo mpaka kuwe na shimo, na doa libaki chini ya shimo. Dawa yake ni asidi ya oksaliki, inayouzwa kama unga mweupe kwenye maduka ya kemikali: inayeyushwa katika maji ya moto, inapakwa juu ya mbao iliyokwisha kuvuliwa vanishi, inaachwa ikauke, halafu inasuuzwa vizuri. Ni sumu. Vaa glovu, usipige msasa juu ya unga wake uliokauka, na usiichanganye kwenye chombo cha jikoni.

Baada ya kusafisha, tazama tena. Nusu ya fanicha ninazoletewa zinaishia hapa, zikiongezewa nta kidogo ya kung'arisha, na mwenyewe hushangaa kuona rangi ambayo hakujua kabati lake linayo. Zilizobaki zina vanishi iliyochoka kweli: imepasuka, imechunika, imegeuka unga. Hapo ndipo swali la kitaalamu linapokuja, nalo ni hili: vanishi hii ni ya aina gani?

Jaribio ni rahisi na kila mtu anaweza kulifanya. Chagua mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa mguu wa nyuma. Lowesha pamba kwa spiriti, igandamize hapo kwa dakika moja. Vanishi ikilainika, ikanata na kuacha rangi ya kahawia kwenye pamba, hiyo ni polishi ya shelaki. Isipotikisika, chukua pamba nyingine na thina ya kupulizia rangi. Ikiyeyuka, ni ile vanishi ya kupuliza ambayo mafundi huita klia, yenye asili ya selulosi. Ikijikunja na kuvimba bila kuyeyuka, ni vanishi ya mafuta. Na isipofanya lolote, basi una vanishi ngumu ya kisasa ya poliyurethani, na kazi yako itakuwa nzito zaidi.

Kila jibu linaeleza pia umri wa kitu. Shelaki hutokana na utomvu wa mdudu mdogo anayefugwa juu ya miti huko India na Thailand. Huyeyushwa katika spiriti na kupakwa kwa donge la pamba lililofungwa ndani ya kitambaa, tabaka baada ya tabaka jembamba, mpaka mbao inang'aa kama kioo. Ilikuwa fahari ya mafundi wa Kihindi katika miji yetu, na ndiyo polishi utakayoikuta kwenye samani nyingi za zamani za Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. Klia ya selulosi ilianza kuenea duniani katika miaka ya 1920 kwa sababu inakauka kwa dakika chache, na vanishi za mafuta zilizochanganywa na gundi za viwandani zikafuata katika muongo uliokuja.

Kabla ya gundi hizo za viwandani, vanishi bora ya mafuta ilitokana na pwani yetu wenyewe. Sandarusi, gundi ya mti wa msandarusi iliyozikwa ardhini kwa muda mrefu mpaka ikawa ngumu, ilichimbwa katika ardhi ya kichanga ya Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar, ikapelekwa kisiwani, na kutoka hapo ikasafirishwa hadi Salem huko Massachusetts, London na Hamburg. Katika karne ya 19 wafanyabiashara walitofautisha sandarusi iliyokomaa na ile mbichi iliyoitwa chakazi, na bei zake zilikuwa mbali mbali. Viwanda viliyeyusha ile ngumu kwa joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi kabla ya kuichanganya na mafuta ya kitani, na vanishi iliyotoka hapo ilisifika kwa ugumu, ikapakwa kwenye magari ya kukokotwa na farasi na kwenye samani za matajiri. Hili linanigusa. Leo tunanunua makopo yaliyoandikwa lugha za mbali tukidhani elimu ya kuhifadhi mbao ilikuja nayo melini, ilhali kwa miongo kadhaa mali ghafi ya vanishi bora ilitoka mikononi mwa wachimbaji wa pwani hii.

Turudi kwenye kabati. Faida kubwa ya kuijua vanishi ni kwamba shelaki na klia zinaweza kufufuliwa bila kuvuliwa. Kwa kuwa huyeyuka tena katika kimiminika kilekile zilichotengenezewa, brashi laini yenye spiriti kidogo ikipitishwa juu ya shelaki iliyopasuka huifanya ilainike, nyufa zijifunge, na uso utulie upya. Kwa klia ni vivyo hivyo, kwa kutumia thina. Usirudie rudie mahali pamoja. Pitisha mara moja, acha, ngoja ikauke kabisa ndipo uamue kama inahitaji mara ya pili. Baada ya hapo unaongeza tabaka jembamba la aina ileile, na umemaliza. Mbao haijaguswa, wala rangi yake ya miaka mingi haijaondoka. Vanishi ya mafuta haikubali kuyeyushwa hivyo. Yenyewe husuguliwa kwa wepesi na msasa namba 320 ili ishike, ikafutwa vumbi, ikapakwa tabaka jipya juu yake.

Kosa moja la kutoijua vanishi iliyopo hutokea kila mwezi kwenye karakana za mitaani. Fundi anapuliza klia ya thina juu ya rangi ya mafuta ya zamani. Thina inapenya, rangi ya chini inavimba, na kwa dakika chache uso wote umekunjamana. Hakuna namna ya kuurekebisha isipokuwa kuvua kila kitu. Ukipeleka kitu chako kwa fundi, muulize ameonaje vanishi iliyopo kabla hajashika bomba la kupulizia. Fundi anayeijua kazi yake hatachukizwa na swali hilo.

Kabla hujafikiria kuvua, angalia pia kama mbao ni mbao kweli. Tazama ukingo wa mlango au wa meza: nyuzi za juu zikiendelea kuzunguka ukingo kama zilivyo kwenye ubao halisi, sawa. Zikikatika ghafla na kuonekana tabaka jembamba juu ya unga uliogandamizwa au mbao nyingine, hiyo ni vinia, na unene wake mara nyingi haufiki milimita moja. Msasa wa mashine huitoboa kwa sekunde chache. Vinia husafishwa, husuguliwa kwa mkono tu, na ikibanduka hurudishwa kwa gundi na uzito juu yake.

Sasa rangi za zamani. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Rangi za mafuta za zamani, na nyingine zisizo za zamani sana, zilitiwa madini ya risasi ili zikauke haraka na ziwe na rangi kali. Njano, nyekundu na kijani ndizo zinazoshukiwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu risasi huathiri ubongo unaokua. Vumbi la msasa mkavu juu ya rangi ya namna hiyo huingia kwenye mapafu ya anayesugua, kisha hutua sakafuni, mahali ambapo mtoto hutambaa na kulamba vidole. Kitanda cha mtoto kilichorithiwa, kilichopakwa rangi mara tatu au nne kwa nyakati tofauti, ndicho kitu cha hatari kuliko vyote. Kama huna njia ya kupima, chukulia kuwa risasi imo. Usisugue kikavu, usichome kwa moto wala kwa bomba la hewa ya moto. Ama funika rangi hiyo kwa rangi mpya ikiwa imeshika vizuri, ama iondoe kwa dawa ya kuvua huku uso ukiwa umelowa, nje ya nyumba, juu ya turubai ambalo litakunjwa pamoja na takataka zake. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake. Watoto na wajawazito wakae mbali hadi mahali pale pameoshwa.

Dawa za kuvua rangi nazo zinatofautiana. Zile kali za zamani zenye dikloromethani hufanya kazi haraka, lakini mvuke wake umeua watu waliofanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa; Marekani ilizuia mwaka 2019 zisiuzwe kwa wananchi wa kawaida. Soma kopo kabla ya kununua, na ukiona jina hilo, lirudishe. Watu wengine hutumia kostiki, ile ya watengeneza sabuni. Inavua kweli, lakini huunguza ngozi na macho, hulegeza gundi za maungio, na hugeuza mninga, mvule na msaji kuwa vyeusi kwa sababu ya tanini iliyomo. Kwa vanishi ya shelaki huhitaji dawa yoyote zaidi ya spiriti na tambara. Kwa klia, thina, mlango ukiwa wazi na jiko likiwa limezimwa. Kwa rangi ya mafuta, tafuta dawa ya mchanganyiko mzito inayokaa juu ya uso bila kutiririka, ifunike na plastiki isikauke, iachie muda wake, halafu ukwangue kwa kikwangulio kilichochongwa pembe zake zisije zikachimba mbao.

Viti vinavyoyumba visipigiliwe misumari. Kiti cha zamani kimeungwa kwa ulimi na tundu, na kinachoyumba ni kwa sababu gundi yake imechoka. Msumari huupasua ulimi huo na kushika kutu ndani. Gundi ya wakati ule mara nyingi ilikuwa ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulainika kwa maji ya moto, kwa hiyo maungio yanaweza kufunguliwa bila kuvunjwa. Kwangua gundi yote ya zamani mpaka mbao ionekane, maana gundi nyeupe ya dukani haishiki juu ya gundi ya ngozi. Paka mpya, unganisha, kisha zungushia vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli ukivuta kwa nguvu. Mpira hubana pande zote kwa usawa hata kwenye umbo lisilo la mraba, na kwa kazi ya viti naupenda kuliko klampu za chuma. Uache mpaka kesho yake.

Kuhusu dumuzi, tazama unga. Vitundu vya zamani visivyotoa kitu ni alama ya vita vilivyokwisha. Unga laini mpya chini ya mguu wa meza, unaorudi baada ya kufagiwa, una maana wamo. Kwenye mninga wao hula ile sehemu nyeupe ya nje ya mti. Kiini chekundu huwashinda. Dawa ya wadudu wa mbao ya maji hupakwa na kuingizwa kwa sindano kwenye vitundu kabla ya vanishi, kwa sababu vanishi ikishapakwa dawa haipenyi tena. Naomba tuache oil chafu. Ni desturi iliyozoeleka kupaka oil iliyotoka kwenye injini ili mchwa wasiguse mbao, na kwa nguzo ya uzio watu wana sababu zao, lakini oil hiyo ina kemikali zinazosababisha saratani, na mbao iliyoinywa haitashika vanishi wala rangi tena. Isiingie kwenye kitu kitakachokaa chumbani.

Kuna nyufa ambazo hazipaswi kujazwa. Mbao huishi na unyevu wa hewa. Dar es Salaam au Tanga, maji yaliyomo ndani ya mbao iliyokauka hukaribia asilimia 15 ya uzito wake. Dodoma wakati wa kiangazi yanaweza kushuka hadi 9 au 10. Tofauti hiyo inatosha kuufanya ubao mpana wa sentimita 50 upungue kwa milimita kadhaa, tena kwa upana tu, kwa maana urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zilizobeba samani zao kutoka pwani zimeona meza zikipasuka katikati na milango ya makabati ikiacha nafasi. Mtu huona ufa, hununua puti ngumu, akajaza. Mvua za Januari zinapokuja mbao inavimba, inaikuta puti imesimama katikati, na ubao ambao ungejifunga wenyewe unasukuma maungio mpaka yanafunguka. Acha kitu kikae kwenye hali ya hewa mpya msimu mmoja wa kiangazi na mmoja wa mvua kabla hujaamua. Vivyo hivyo, ule ubao wa katikati ya mlango wa kabati, uliochomekwa kwenye fremu bila gundi, umeachwa hivyo makusudi na fundi wa zamani ili upumue. Usiugundishe.

Ikiwa baada ya yote haya bado unahitaji msasa, na wakati mwingine unahitaji, basi uende nao kwa utaratibu. Anza na namba 120. Ya 80 ni kwa uso ulioharibika vibaya tu. Kisha 180, kisha 240, kila mara ukifuata nyuzi, ukiwa umeufunga msasa kwenye kipande cha mbao tambarare. Kwenye nakshi tumia vidole. Barakoa isikuponyoke: vumbi la mninga, mvule na msaji huwasha pua, macho na ngozi ya watu wengi. Kiti cha enzi cha Lamu, chenye mpingo, mifupa na nyuzi zilizosukwa, au kitanda cha samadari chenye vioo vilivyochorwa, kisipigwe msasa na mtu yeyote nyumbani. Kifute kwa kitambaa kikavu, kisha tafuta ushauri wa watu wa makumbusho.

Nafika kwenye rangi nyeupe. Mtindo wa kupaka nyeupe au kijivu samani nyeusi za zamani umeshika, na picha zake zinavutia. Sina ugomvi na rangi. Meza ya paini ya Sao Hill, kabati lililoungwa kwa mbao za aina tatu, stuli iliyofanyiwa viraka mara nyingi, vyote hivyo rangi huvipa heshima. Nina ugomvi na rangi juu ya mninga mzima. Kwanza, ni vigumu kurudi nyuma: rangi huingia kwenye vinyweleo vya mbao, na atakayetaka kuiondoa baada ya miaka kumi atalazimika kuondoa na uso wa mbao. Pili, mbao hizi hulipiza. Mninga, mkongo na msaji zina rangi na mafuta ya asili ambayo huyeyuka na kupanda juu kupitia rangi ya maji. Unapaka nyeupe leo, wiki ijayo kuna mawingu ya waridi na manjano. Unapaka tena, yanarudi tena. Kuongeza matabaka ya rangi hakusaidii kitu.

Kama umeamua kupaka licha ya hayo, siri iko kwenye tabaka la kwanza. Safisha, sugua kwa namba 180, kisha paka shelaki isiyo na nta au praima maalumu ya kuzuia madoa, matabaka mawili. Shelaki huziba rangi hizo chini, na huziba pia vifundo vya paini ambavyo hutoa utomvu wa njano. Rangi ya maji inayokuja juu yake itabaki kama ilivyo. Hakikisha pia hapakuwa na polishi ya kopo la kupuliza yenye silikoni; ikiwapo, rangi na vanishi hukimbia na kuacha vitundu vya mviringo, na hiyo ni sababu nyingine ya kufuta kwa tapentaini mara mbili, kila mara kwa tambara safi.

Kwa anayeiacha mbao ionekane, chaguo ni vanishi au mafuta. Vanishi hulinda meza ya kulia na kitu chochote kinachopata maji. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hutoa uso wa upole, rahisi kurekebisha, mzuri kwa viti na makabati ya chumbani. Mafuta ya nazi hayafai. Hayakauki kamwe, hubaki yakinata, yakikamata vumbi na hatimaye kunuka. Mabaharia wetu walipaka majahazi sifa ya papa na ilifaa kwa mbao zinazoishi baharini, ila hakuna atakayevumilia harufu yake sebuleni.

Vanishi ya mafuta inapakwa nyembamba. Tabaka la kwanza lipunguze kwa tapentaini, sehemu moja kwa tatu au nne za vanishi, ili liingie. Matabaka mawili yanayofuata yaende bila kupunguzwa, kwa brashi safi isiyomwaga nywele, ukimaliza kila mkupuo kwa kuvuta kuelekea sehemu ambayo bado mbichi. Katikati ya matabaka ngoja usiku mzima, sugua kidogo kwa 320, futa vumbi. Chagua siku kavu. Wakati wa masika, klia ya thina hugeuka nyeupe: thina inaruka haraka sana, uso unapoa, na unyevu wa hewa unatua juu yake kabla haijakauka. Ikitokea, usiikwangue, subiri siku ya jua, puliza thina tupu kidogo, na weupe huondoka. Asubuhi baada ya umande kukauka ndiyo saa nzuri ya kazi hii pwani. Jioni taa huita wadudu na wote hutua kwenye vanishi.

Matambara yaliyotumika na mafuta ya kitani yasirundikwe. Mafuta haya yanapokauka hutoa joto, na ndani ya rundo joto hilo halina pa kutokea, mpaka tambara linawaka lenyewe bila kiberiti, saa kadhaa baada ya fundi kwenda nyumbani. Yatandaze moja moja juu ya kamba nje hadi yawe makavu na magumu, au yazamishe kwenye ndoo ya maji, ndipo uyatupe.

Vanishi ikishagusika bila kunata haina maana imekomaa. Kwa siku tatu za kwanza usiweke kitu juu yake. Wiki ya kwanza kitambaa cha meza kisitandikwe, hasa cha plastiki, kwa kuwa hushika na kung'oka na vanishi. Vyombo vya moto visubiri mwezi mzima. Milango iache wazi kidogo usiku ili isigandane na fremu, na droo zirudi mahali pake baada ya kupakwa nta ya mshumaa kwenye njia zake za chini.